Mumiani na Nyonga ya Chuma: Kifaa cha Tiba na Jina Lake katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Wazee wa pwani waliwahofisha watoto kwa neno moja. Jua lilipokaribia kutua na watoto wakawa wangali wanacheza mbali na nyumbani, waliambiwa kwamba mumiani yuko njiani, naye hukamata watu akawafyonza damu. Neno hilo lilitosha kuzirudisha nyayo ndogo uani. Aghalabu aliyelitamka hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua, kwamba alikuwa akitaja dawa ya mifupa iliyovunjika.

Ushahidi umo kamusini. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa chini ya usimamizi wa Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inaeleza mumiani kwanza kama dawa: kitu cheusi mfano wa gundi, kilichotumiwa na baadhi ya Waarabu, Wahindi na Waswahili kutibu maradhi kadhaa, na mifupa iliyovunjika ikiwa miongoni mwa maradhi hayo. Kilipakwa nje ya mwili, au kiliyeyushwa katika samli kikanywewa, na ilisemekana kwamba kilitoka Uajemi. Ni baada ya maelezo hayo ndipo kamusi inapotaja imani ya watu wengi kwamba kitu hicho ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na jinsi uvumi wa kutafutwa kwa mumiani ulivyoweza kuutia mji hofu hata watu wasitoke nje baada ya magharibi.

Haifai kuwacheka waliohofu. Wazungu wenyewe walianguka katika shimo hilo hilo. Dawa ile ya Uajemi, ambayo kwa asili ni aina ya lami inayotoka miambani, ilifika Ulaya kwa jina la mumia. Kwa kuwa maiti za Misri zilizohifadhiwa zilidhaniwa kupakwa lami ya namna hiyo, jina likahama kutoka kwenye lami likaenda kwenye maiti, na kwa karne kadhaa wauza dawa wa Ulaya wakauza unga wa maiti kama tiba. Jina liliposafiri bila maelezo, maana ilipotea njiani, na pengo lililobaki likajazwa na mwili wa mtu.

Kisa cha mumiani kina funzo kwa pwani ya leo. Makala haya yanashikilia kwamba kifaa chochote kinachoingia katika mwili wa mgonjwa wa Malindi au Kilifi hakina budi kuingia kwanza katika lugha yake, kwa jina analolielewa na kwa maelezo anayoweza kuyahoji. Kazi ya kulitafuta jina hilo haiwezi kuachiwa madaktari peke yao. Ni kazi ya wanaokisoma Kiswahili vyuoni, nao hadi sasa wameitupia mgongo.

Vifaa vipya katika miili ile ile

Uvumbuzi wa vifaa vya kutengenezea mwili una historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1890, mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa goti lililochongwa kwa pembe ya ndovu, bidhaa ileile iliyokuwa ikipakiwa majahazini katika bandari za Afrika Mashariki karne hiyo. Majaribio yake hayakudumu, kwa sababu wagonjwa aliowahudumia walikuwa na kifua kikuu cha viungo na vidonda vyao vikaingia usaha. Hata hivyo, wazo lilikuwa limezaliwa. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, akichunguza mifupa ya sungura, aligundua kwamba mfupa hushikamana na madini ya titani kana kwamba ni sehemu yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, John Charnley katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza alikamilisha nyonga iliyokuja kuigwa duniani kote: kichwa cha chuma cha pua kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, vyote vikiwa vimeshikizwa kwa saruji ya mifupa.

Mwaka huohuo wa 1962 ulileta mapinduzi katika utunzaji wa vidonda. George Winter, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwa kutumia nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya kwa kasi takriban maradufu ya kidonda kilichoachwa wazi kikauke. Bandeji nyingi za kisasa, za povu, za mwani na za utomvu unaohifadhi maji, zimezaliwa na ugunduzi huo. Hata asali imerudi wodini: mwaka 2007 Marekani iliruhusu bandeji zenye asali iliyosafishwa kwa ajili ya tiba ziuzwe kwa matumizi ya hospitali.

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya mbali. Pwani ya Malindi na Kilifi ina sababu zake za kuvihitaji vifaa hivi. Mgema anayepanda mnazi alfajiri na jioni hufanya kazi ambayo kosa moja la mguu laweza kumvunja paja au uti wa mgongo. Katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi, pikipiki za bodaboda zinashindana na matatu na malori. Ugonjwa wa kisukari huwaachia watu vidonda vya miguu visivyofunga kwa miezi. Fauka ya hayo, Kilifi ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako ugonjwa wa seli mundu umeenea na kuchunguzwa sana. Chembe za damu zilizojikunja huziba mishipa midogo, kichwa cha mfupa wa paja kikakosa damu kikafa, na kijana ambaye bado hajaoa akajikuta anachechemea kama mzee. Kwa mgonjwa kama huyo nyonga ya kuwekwa si anasa ya wastaafu wa Ulaya. Huenda ikawa ndiyo tofauti kati ya kufanya kazi na kukaa barazani maisha yake yote.

Hali kadhalika, uvumbuzi wenyewe umeanza kuwafikiria watu wa hospitali zisizo na mitambo mingi. Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle wa Marekani alianzisha shirika la SIGN, linalotengeneza msumari wa kuunga mfupa wa paja au muundi bila kuhitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha wakati upasuaji ukiendelea. Msumari huo umetumika katika hospitali za Kenya pia. Kwa hiyo kifaa kipo, mwili upo, na haja ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni maneno ya kuviunganisha.

Majina yaliyopo na mitego yake

Mpinzani anaweza kusema kwamba maneno yapo tele. Ni kweli, na hapo ndipo tatizo linapoanza, maana maneno hayo yana mizigo ambayo mwenye kuyatumia haioni.

Neno la kwanza ni chuma. Katika mazungumzo ya kila siku mtu husema kwamba fulani "amewekwa vyuma". Chuma hicho chaweza kuwa bamba na skrubu zitakazotolewa baada ya mfupa kuunga, chaweza kuwa fremu ya muda iliyo nje ya ngozi, na chaweza kuwa nyonga nzima ambayo mgonjwa ataishi nayo hadi kaburini. Neno ni moja, hatima ni tatu. Mgonjwa aliyewaona wenzake wakirudi hospitali "kutolewa vyuma" ana kila sababu ya kuisubiri siku yake, na asipoitwa atadhani amesahauliwa au amedhulumiwa. Tena, mtu aliyekulia ufuoni, aliyeona chumvi ikila mabati ya paa na misumari ya dau, ana haki ya kuuliza kama chuma hicho hakitaota kutu ndani ya mwili, ambao nao una chumvi. Swali hilo ni la akili timamu. Jibu lake lipo: madini ya titani hujivika utando mwembamba unaoyakinga, na chuma cha pua kina kinga ya namna hiyo. Lakini jibu haliji ikiwa neno lililotumika ni "chuma" tu na mazungumzo yakaishia hapo.

Neno la pili ni bandia. Vitabu na magazeti hupenda kusema "kiungo bandia", "nyonga bandia", "mguu wa bandia". Katika kinywa cha raia wa kawaida, hata hivyo, bandia ni noti ya uongo, ni cheti cha kughushi, ni dawa isiyotibu. Serikali hiyohiyo inayowaonya wananchi dhidi ya dawa bandia huwatarajia wakubali goti bandia bila wasiwasi. Aidha, neno kiungo lenyewe lina kazi nyingi: ni sehemu ya mwili, ni maungio ya mifupa, ni mchezaji wa katikati ya uwanja, na katika wingi wake ni iliki na mdalasini wa pilau.

Neno la tatu ni kipandikizi. Hili limetungwa kwa ufasaha, kwani linatokana na kitendo cha kupandikiza. Taabu ni kwamba limekwisha kupata mwenyewe. Kwa miaka mingi vipandikizi vimekuwa vile vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Mama wa Magarini akiambiwa kwamba bintiye atawekewa kipandikizi nyongani, asilaumiwe akitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba binti huyo asizae.

Neno la nne ni msumari. Daktari anapotumia neno hilo anawaza fimbo laini ya chuma inayopita katikati ya mfupa. Mswahili anapolisikia, anakumbuka msemo wa kutia msumari wa moto juu ya kidonda. Hata kabla ya kisu kugusa ngozi, lugha imekwisha kumtonesha.

Mtego wa tano umejificha zaidi kwa sababu haumo katika nomino. Waswahili husema kidonda "kimekauka" wakimaanisha kwamba kimepona au kinaelekea kupona. Kukauka ndiyo ishara ya uzima. Muuguzi anayemwagiza mgonjwa wa kisukari asikiache kidonda kikauke anapigana na lugha nzima ya mgonjwa huyo. Huenda mgonjwa akaitikia kwa adabu, akafika nyumbani akaibandua bandeji ghali, na kukianika kidonda juani kama alivyofundishwa na bibi yake. Mgonjwa huyo si mkaidi. Amefuata sarufi ya maneno aliyonyonya utotoni, na hakuna aliyemwonyesha nyingine.

Jina kama haki

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni mambo madogo ya wanaisimu. Sheria ya nchi haioni hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali ya afya yake, njia za matibabu zilizopo, na manufaa, hatari na gharama za kila njia, na pale inapowezekana afanye hivyo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kisomo. Ridhaa iliyotiwa kidole gumba chini ya karatasi isiyoeleweka ni alama ya wino tu.

Kilifi ina uzoefu wa kipekee katika jambo hili. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilianzishwa huko mwaka 1989, na tangu miaka ya 2000 watafiti wake wamechapisha maandishi mengi kuhusu ugumu wa kuwaeleza wazazi tofauti kati ya utafiti na tiba, na kuhusu hofu zilizozuka wanakijiji walipoona damu ikitolewa. Fomu za ridhaa zilitafsiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama, na wawakilishi wa jamii wakahusishwa katika mazungumzo. Hofu ya damu haikuwa ngeni. Ni hofu ileile ya mumiani ikiwa imevaa nguo mpya. Jambo la kutia moyo ni kwamba waliohusika walitambua kuwa dawa ya uvumi ni mazungumzo katika lugha ya watu, tena mazungumzo ya mara kwa mara. Utaratibu uliofaa kwa sindano ya damu unafaa zaidi kwa kifaa ambacho kitakaa mwilini miaka ishirini.

Kuna sababu nyingine ya haki, nayo ni hatari. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni duniani kote nyonga zake za aina ya ASR, ambazo chuma kilisuguana na chuma, baada ya kubainika kwamba wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa walihitaji kupasuliwa upya ndani ya miaka mitano. Watu takriban 93,000 walikuwa wamekwisha kuwekewa. Mgonjwa aliyejua jina la kifaa chake aliweza kwenda kwa daktari na kuuliza. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni za mwaka 2017, umetaka mtu anayewekewa kifaa cha kudumu apewe kadi inayokitambulisha kifaa hicho. Je, mgonjwa wa Ganze anayejua tu kwamba "ana chuma" atajuaje siku ambayo tangazo la namna hiyo linamhusu? Asiyejua jina la kilichomo mwilini mwake hawezi kukidai wala kukishtaki.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba jambo la kwanza ni fedha. Mgonjwa anayeshindwa kununua kifaa ananufaikaje na istilahi? Hoja hii ina uzito, na hakuna kamusi itakayonunua titani. Hata hivyo, umaskini unaongeza haja ya kuelewa. Familia inayouza mbuzi na kuweka rehani kipande cha shamba ili mtoto awekewe nyonga ina haki ya kujua inanunua nini, kitadumu kwa muda gani, na itatakiwa kurudi mara ngapi. Tajiri akikosea atanunua tena. Maskini hununua mara moja.

Wapo pia wanaodai kwamba wanaisimu wamekwisha kuonyesha udhaifu wao. Wanakumbusha mabishano ya tarakilishi na ngamizi, huku wananchi wakiendelea kusema kompyuta bila kumwomba mtu ruhusa. Onyo hili lapaswa kupokewa kwa unyenyekevu. Neno linalotungwa mezani na kupelekwa sokoni likiwa limekwisha kukauka hukataliwa. Lakini historia ina mifano ya upande wa pili. Neno ukimwi lilitungwa kutokana na maneno yanayoeleza ugonjwa wenyewe, yaani ukosefu wa kinga mwilini, na likaenea hadi vijijini. Seli mundu vilevile ni jina linalochora picha: aliyewahi kushika mundu anaweza kuiona chembe iliyopinda. Majina haya yalifaulu kwa sababu yalibeba maelezo yake migongoni. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam nayo ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na baadaye Kamusi ya Tiba. Msingi upo. Kilichobaki ni kuutoa maktabani na kuufikisha wodini.

Tugange yajayo

Methali husema kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba yafaa kuganga yajayo. Ndani ya methali hiyo mna kitenzi ambacho wanafunzi wa Kiswahili wamekizoea mno hata hawakisikii tena. Kuganga ni kutibu, lakini pia ni kufunga pamoja kilichovunjika, kuunga, kushikiza. Kutokana na kitenzi hicho lugha ina nomino gango: kitu kinachoshikilia vipande viwili hadi vishikamane. Mganga, kwa maana hiyo, ni fundi wa kuunganisha. Kiswahili kilikuwa na jina la bamba la mfupa kabla bamba lenyewe halijafika Malindi. Gango la ndani na gango la nje yangeweza kutofautisha vifaa vya muda, ambavyo kazi yake hukoma mfupa unapounga, na nyonga au goti lililochukua nafasi ya mfupa uliokufa. Hilo la pili lingeweza kuitwa nyonga ya kuundwa, kwa kitenzi kilekile cha mafundi wanaounda majahazi. Na hakuna baharia anayeliita jahazi bandia kwa sababu tu halikuota msituni.

Mazingira ya pwani yana hazina ya mifano kama hiyo. Mwaka 1974 wanasayansi wawili wa Marekani, Della Roy na Sari Linnehan, walieleza jinsi mifupa ya matumbawe inavyoweza kubadilishwa kwa joto, shinikizo na chumvi za fosfeti ikawa madini yaleyale yaliyomo katika mfupa wa binadamu, huku vitundu vyake vikibaki vilevile. Vitundu hivyo hupenywa na mfupa mpya. Tangu miaka ya 1990 nyenzo za asili hiyo zimetumika kujaza mapengo ya mifupa. Mvuvi wa Watamu hahitaji kamusi ili aelewe jambo hili. Amekanyaga matumbawe tangu utotoni, anajua yalivyojaa vitundu, na ameyaona magofu ya Gede ambako mababu walijenga misikiti na majumba kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mweleze kwamba mfupa utapewa nyumba ya matumbawe ili uingie na kukaa, naye ataelewa; huenda hata akauliza matumbawe hayo yametolewa wapi, maana anajua kwamba katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, ni marufuku kuyavunja. Mgonjwa anayeuliza swali kama hilo amekwisha kuwa mshiriki katika tiba yake.

Kadhalika kidonda. Badala ya kupambana na neno kukauka, muuguzi angeweza kuazima lugha ya shamba: ngozi mpya huota kama mche, haitaki mafuriko wala ukame. Mkulima wa Kaloleni atayashika maneno hayo kabla hajafika kituo cha basi.

Maneno haya ni mapendekezo tu, na huenda baadhi yake yakakataliwa na wenyewe. Ndiyo sababu hayafai kuamuliwa katika kumbi za semina. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina desturi ya kuandaa makongamano, mashindano ya mashairi na ziara za kutembelea magofu. Desturi hizo ni njema na ziendelee. Lakini ziara ijayo ya pwani ingeweza kupitia wodi ya mifupa, kwa idhini ya hospitali na ya wagonjwa wenyewe. Wanafunzi wangekaa na wauguzi wakasikiliza maneno wanayoyatumia, wakawauliza waganga wa jadi wa mifupa majina ya mabanzi yao, wakawasikiliza wazee wasemao Kigiriama, Kichonyi na Kikauma, kisha wakaandika ukurasa mmoja kwa kila kifaa: jina lake, umbo lake, kazi yake, muda wake, hatari zake, na siku ya kurudi. Ukurasa huo usomewe wagonjwa kwa sauti, urekebishwe wanapokunja uso, na usomwe tena. Tasnifu nyingi zimeandikwa kuhusu mambo yenye faida ndogo kuliko hiyo.

Dawa iliyovuka bahari kutoka Uajemi ilikuja kuunga mifupa, ikaishia kuwa jina la mnyonya damu, kwa kuwa walioileta hawakueleza ni kitu gani na waliokuwa na lugha hawakuuliza. Leo meli na ndege zinaleta titani, plastiki na bandeji za mwani. Uvumi wake haujaenea bado. Wakati wa kuyatafuta maneno ni sasa, kabla jua halijatua.